Jalada Liko Kaunti Gani? Kutafuta Kumbukumbu za Kesi za Jinai Hapa Ohio

Shemeji yangu alifika nyumbani jioni ya Jumapili moja akiwa na bahasha aliyokwisha kuifungua, akaisoma, kisha akairudishia karatasi ndani kama mtu anayetumaini kwamba safari ya pili maneno yatakuwa mengine. Alikuwa ameomba kazi katika ghala moja nje ya Columbus, akahojiwa, akapimwa mkojo, akaambiwa asubiri. Badala ya tarehe ya kuanza kazi, alipokea taarifa ya kampuni iliyolipwa kuchunguza historia yake. Ukurasa wa nne ulikuwa na mistari sita tu, na mistari hiyo ilisema kwamba aliwahi kutiwa hatiani katika kaunti moja ya kusini mwa Ohio kwa kosa la kupokea gari la wizi.

“Shemeji,” aliniambia, “mimi gari lenyewe nimejifunza kuendesha mwaka juzi.”

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, na kazi hiyo inanifunga mdomo kuhusu watu wote ninaowakalimania, kwa hiyo sitasimulia habari za yeyote kati yao. Habari ya shemeji naisimulia kwa ruhusa yake, kwa sababu katika wiki tatu zilizofuata tulilazimika kujifunza pamoja jambo ambalo wengi wetu tuliohamia huku hatulijui mpaka litubane, nalo ni namna ya kuitafuta kumbukumbu ya kesi ya jinai pale inapokaa hasa, na wala si pale intaneti inapotuelekeza.

Ukiandika katika mtandao jina la mtu pamoja na neno la mahakama, majibu ya kwanza karibu yote yatakuwa ya tovuti za biashara. Zitakuonyesha mstari unaozunguka kana kwamba kuna karani mahali fulani anapekua makabati, zitakutisha kwamba kuna jambo zito limeonekana, kisha zitakuomba namba ya kadi ya benki. Tovuti hizo hazina jalada la mtu yeyote. Zinachonunua ni data zilizokusanywa kwa jumla kutoka sehemu nyingi, nyingine zikiwa za miaka iliyopita, na zinachouza ni ubashiri kwamba jina hili na tarehe hii ya kuzaliwa ni vya mtu mmoja. Jalada lenyewe liko kwa karani wa mahakama iliyosikiliza shauri, na mara nyingi kulitazama hakugharimu hata senti.

Nyumbani Tanzania swali hili lina mazoea yake. Mtu akikuambia ndugu yake ana kesi, swali la kwanza unalomuuliza ni mahakama gani, kwa sababu unajua kwamba jalada la Mahakama ya Mwanzo ya Kariakoo hulikuti Kisutu. Tukifika Marekani tunaisahau hekima hiyo, tukidhani kwamba nchi yenye kompyuta nyingi namna hii lazima ina daftari moja la wahalifu wote ambalo kila mtu anaweza kulifungua. Halipo. Kuna kumbukumbu za polisi na za FBI zinazokusanywa kwa alama za vidole, lakini hizo hazifunguliwi na mpita njia. Kilicho wazi kwa umma ni kumbukumbu za mahakama, na mahakama hizo ni za kaunti. Ohio ina kaunti 88, na haina tovuti moja ya kutafutia kesi za kaunti zote. Kwa hiyo anayetafuta hana budi kuanza na swali la zamani: jambo hili lilitokea wapi?

Sisi wa Columbus kaunti yetu ni Franklin, na mfano wake unatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyogawanyika. Katika barabara ya South High kuna majengo mawili ya mahakama ambayo mgeni huyachanganya kila siku. Namba 375 ni mahakama ya manispaa, inayosikiliza makosa madogo ya jinai na ya barabarani. Namba 345 ni Court of Common Pleas, mahakama ya ngazi ya kaunti inayosikiliza yale makosa makubwa ambayo Wamarekani huyaita feloni. Kila mahakama ina karani wake na tovuti yake ya kutafutia kesi. Mtu akitafuta jina katika tovuti ya manispaa peke yake, akakosa kitu, kisha akatangaza kwamba fulani ni msafi, bado amepekua chumba kimoja katika nyumba ya vyumba viwili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni kwamba shauri moja la feloni laweza kuwa na namba mbili. Mtu akikamatwa kwa kosa kubwa, kwa kawaida hupelekwa kwanza katika mahakama ya manispaa, ambako shauri lake hupewa namba yenye herufi CRA. Baadaye likipelekwa mbele ya baraza la raia liitwalo grand jury, na baraza hilo likiona kwamba kuna sababu ya kumshtaki, shauri huzaliwa upya katika Common Pleas kwa namba nyingine yenye herufi CR. Lile la kwanza huonekana kana kwamba limekwisha, kumbe limehama tu. Nimewaona watu wakishangilia kuona shauri la CRA limefungwa, na wengine, kinyume chake, wakisoma namba mbili na kuamini kwamba mtu alitenda makosa mawili. Waliotoka Tanzania watakumbuka kwamba kesi ya mauaji nayo huanzia mahakama ya chini kwa namba ya upelelezi wa awali, halafu hupata namba mpya inapofika Mahakama Kuu.

Herufi hizi zinafaa kukaririwa, kwa kuwa zinaokoa muda kuliko maelezo yoyote ya tovuti. Katika mahakama za manispaa za Ohio, CRA ni tuhuma ya feloni, CRB ni kosa dogo la jinai, TRC ni kuendesha gari mtu akiwa amelewa, na TRD ni makosa mengine ya barabarani, kama vile mwendo wa kasi. Ukali wa kosa huandikwa kwa herufi na tarakimu. Feloni zina madaraja matano, F1 likiwa zito na F5 jepesi, ingawa mauaji ya kukusudia yako nje ya madaraja hayo kabisa. Makosa madogo huanzia M1 hadi M4, na chini yake yapo yaandikwayo MM, ambayo hayana kifungo. Kanuni ya jumla inayotajwa Marekani ni kwamba feloni ni kosa linaloweza kumfunga mtu zaidi ya mwaka mmoja, lakini hapa Ohio mtu hawezi kuitegemea kanuni hiyo, kwa sababu F5 mwisho wake ni miezi 12 na bado ni feloni. Kupokea mali ya wizi, ikiwa mali yenyewe ni gari, ni F4. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeandikwa katika karatasi ya shemeji.

Sasa tuje kwenye majina, mahali ambapo sisi Waswahili tunaumia kuliko wengine.

Shemeji alizaliwa Fizi na kukulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Jina ambalo jirani zake wa Kasulu wangeliandika Ramadhani, makarani wa Kongo huliandika Ramazani, na hapa kuna waliolikata likawa Ramadan. Hamisi wa Kigoma ni Amisi wa Uvira. Shabani akipitia mikononi mwa aliyesoma Kifaransa hutoka akiwa Chabani, na Musa hutoka akiwa Moussa. Juu ya hayo, desturi yetu ya kubeba jina lako, la baba na la babu haiingii vizuri katika visanduku vya fomu ya Marekani, ambavyo vinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Hivyo mtu mmoja huwa na jina la babu kama jina la ukoo katika hati moja, na la baba katika hati nyingine. Wale waliokuja na jina moja tu hupewa herufi FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina hilo halijulikani, na wapo watoto wanaoitwa shuleni kwa herufi hizo kana kwamba ndizo walizopewa siku ya arobaini.

Kisha kuna tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliokulia kambini bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, kwa sababu afisa alikuwa na mwaka tu na fomu ilidai siku na mwezi. Katika mtaa wangu nawajua watu kumi na mmoja wa nyumba tofauti ambao wangeweza kufanya sherehe moja. Kampuni ya uchunguzi inayolinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, ikidhani kwamba vikifanana vyote viwili hakuna shaka, kwa watu wetu inalinganisha mambo mawili ambayo yote yaliandikwa na karani kwa kukisia.

Kwa sababu hiyo, ninapotafuta siandiki jina zima. Tovuti nyingi za makarani hukubali mwanzo wa jina la ukoo, basi naandika herufi nne au tano za kwanza na kuacha nafasi ya jina la kwanza wazi, halafu nageuza, jina la kwanza likae mahali pa ukoo. Narudia kwa kila tahajia ninayoweza kuifikiria. Ni kazi ya kuchosha, na orodha inayotokea huwa ndefu, lakini afadhali orodha ndefu unayoipunguza kwa macho yako kuliko jibu tupu linalokudanganya.

Katika kesi ya shemeji hatukuhitaji kutafuta sana, kwa kuwa taarifa ilitaja kaunti na namba ya shauri. Nilifungua tovuti ya karani wa Common Pleas wa kaunti ile, nikaandika namba, na jalada likatokea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mshtakiwa, jina la jaji, tarehe ya kosa na shtaka. Chini yake kulikuwa na orodha ya mwenendo wa shauri, yaani kila kilichofanyika mahakamani kwa tarehe yake, kuanzia hati ya mashtaka, kusomewa mashtaka, dhamana, maombi ya wakili na kuahirishwa, hadi kukiri kosa na adhabu. Macho ya mgeni hukimbilia chini kutafuta adhabu. Mimi nilimwambia shemeji tusome juu kwanza, na hapo ndipo tulipolikuta tulilokuwa tunalihitaji. Tarehe ya kosa ilikuwa Februari 2016. Shemeji alitua Marekani mwaka 2018. Februari 2016 alikuwa Nyarugusu, akipanga foleni ya unga.

Mshtakiwa yule alikuwa na majina mawili sawa na yake, na mwaka wa kuzaliwa uleule. Jina la tatu lilikuwa tofauti, na anwani ilikuwa ya mji ambao shemeji hajawahi kuukanyaga. Aliinamia kioo cha kompyuta, akalisoma jina lile kwa sauti mara mbili, kisha akasema, “Huyu naye atakuwa wa kwetu,” bila hasira yoyote.

Kabla sijaendelea na yaliyofuata, niseme kidogo kuhusu kuusoma uamuzi wa mwisho, kwa kuwa hapo ndipo makosa mabaya hufanyika. Kukamatwa si kushtakiwa, na kushtakiwa si kutiwa hatiani. Tovuti ya sherifu inayoonyesha walioingizwa mahabusu, pamoja na zile kurasa za picha za waliokamatwa ambazo watu hutumiana kwenye simu, hazisemi lolote kuhusu hatia. Katika orodha ya mwenendo tafuta shauri lilivyokwisha. Likiandikwa nolle, ni kwamba mwendesha mashtaka hakutaka kuendelea nalo, jambo ambalo wasomaji wa magazeti ya nyumbani wanalifahamu kwa maneno kwamba DPP hana nia ya kuendelea na shauri. Mara nyingi pia mtu hushtakiwa kwa F4, kisha kwa makubaliano akakiri M1, ambalo kifungo chake hakizidi siku 180. Jalada litaonyesha yote mawili, la kwanza juu na la pili chini, na mpekuzi mvivu atanakili la juu.

Kuna pia mpango unaomruhusu mtu mwenye tatizo la dawa za kulevya au la afya ya akili kukiri kosa, akatibiwa chini ya usimamizi, na akimaliza vizuri mashtaka yakafutwa. Kwa sheria za Ohio huyo hakutiwa hatiani. Kwa sheria za uhamiaji za Marekani, kukiri kwake pamoja na masharti aliyowekewa huhesabiwa kuwa ni hatia. Mtu wa namna hii anaweza kusoma jalada lake kwa furaha, akaona neno la kufutwa, na akajaza fomu ya uraia akisema hana lolote. Yeyote asiye raia ambaye amewahi hata kukaribia meza ya kukiri kosa asijisomee peke yake. Amtafute wakili wa uhamiaji, na ampelekee nakala.

Nakala yenyewe ina namna yake. Ukurasa uliochapishwa kutoka kwenye tovuti unatosha kwa kujielimisha, lakini ofisi ya uhamiaji inadai nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na karani, yenye muhuri na sahihi, hata kama kosa ni la miaka mingi na hata kama jalada limefungwa kwa amri ya mahakama lisionwe na umma. Nakala hiyo huombwa dirishani au kwa barua, ukiwa na namba ya shauri, kwa ada ndogo. Ikiwa mahakama haina tena kumbukumbu, muombe karani barua inayosema hivyo. Barua ya kutokuwepo nayo ni hati.

Yapo mambo ambayo hutayakuta hata ukitafuta vizuri namna gani. Mashauri ya watoto hayamo katika tovuti hizi. Yaliyofungwa kwa amri ya jaji huondolewa machoni pa umma, na karani ukimuuliza atakujibu kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Makosa ya shirikisho, kama vile ulaghai wa kodi au baadhi ya kesi za dawa za kulevya, hayako kwa karani wa kaunti hata kidogo. Hayo hutafutwa katika mfumo uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini ya hapo katika robo ya mwaka unasamehewa deni lote. Tena kuna vijiji na miji midogo ya Ohio yenye mahakama za meya zinazosikiliza makosa madogo, na kumbukumbu zake mara nyingi hupatikana kwa kupiga simu tu.

Wasomaji wa majimbo mengine wasiichukue Ohio kuwa kipimo. Walioko Minnesota na Wisconsin wana tovuti ya jimbo zima na wanatafuta wakiwa wamekaa. Texas hugawanya kwa namna nyingine: mara nyingi feloni ziko kwa karani wa wilaya na makosa madogo kwa karani wa kaunti, hata kama ofisi zao ziko katika jengo moja. New York huuza utafutaji wa jimbo zima kwa dola 95, bei ambayo mimi naiona kubwa kwa mtu anayetafuta habari zake mwenyewe. Anayetaka kujua kilichoandikwa juu yake kwa alama za vidole nchi nzima anaweza kuiomba FBI historia yake kwa dola 18, ingawa huko nako uamuzi wa mwisho wa mahakama wakati mwingine haumo na lazima arudi kwa karani.

Naulizwa pia kuhusu kuwachunguza wengine, hasa pale binti anapoposwa na kijana ambaye hakuna anayemjua ukoo wake. Zamani mshenga na wazee waliuliza hadi kijiji cha tatu, na sasa mama mkubwa wa binti anauliza tovuti. Kumbukumbu hizi ni wazi kwa kila mtu, na sioni ubaya kuzitazama. Nionalo baya ni kupiga picha ya ukurasa na kuirusha kwenye kundi la jumuiya kabla mtu hajathibitisha jina la tatu, anwani na tarehe ya kosa. Baada ya yaliyompata shemeji, nimekuwa mkali kidogo katika jambo hili, na nimeshajitoa katika makundi mawili.

Tuliporudi kwenye karatasi ya shemeji, sheria ilikuwa upande wake. Fair Credit Reporting Act, sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ambayo imerekebishwa mara kadhaa, inamtaka mwajiri ampe mwombaji nakala ya taarifa kabla ya kumkatalia kazi kwa sababu ya taarifa hiyo, na inaitaka kampuni iliyoiandaa ichunguze malalamiko, kwa kawaida ndani ya siku 30. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Hatukulalamika kwamba ni uonevu. Tulisema tu kwamba shauri lenye namba hii ni la mtu mwingine, tukaambatanisha ukurasa wa kwanza wa jalada tukiwa tumepigia mstari tarehe ya kosa na jina la tatu, pamoja na nakala ya I-94, hati inayoonyesha siku aliyoingia nchini. Tulituma kwa posta ya rejista, na nakala ya barua tukampelekea mwajiri.

Majibu yalirudi siku ya 19. Mistari sita ilikuwa imeondolewa, na hapakuwa na neno la samahani. Ghala lilikuwa limeshamwajiri mtu mwingine, kwa hiyo shemeji akaomba kwingine na akapata. Mwaka uliofuata, alipobadilisha kazi tena, kampuni nyingine ya uchunguzi ilimletea gari lilelile la wizi, namba ileile ya shauri. Safari hii hakuja nyumbani kwangu Jumapili. Alitoa ile bahasha kabatini, akabadilisha tarehe juu ya barua, akaenda posta.